SOMO LA VIKUNDI: Gari la Mizigo la Mtumba, Tununue Hiace ya Zamani ama ya Baadaye?



Wapendwa wasomaji, somo letu la mara hii limetoka kwa vikundi vyenyewe. Katika mikutano ya wakulima na ya akina mama wauza mboga kuna swali ambalo halikosi kurudi: "Tumeweka akiba, tumechoka kukodi pikapu za watu. Tununue Hiace ya zamani ya bei nafuu, ama tukope tuongezee, tupate hii ya kisasa?"

Swali linaonekana ni la gari, lakini mara nyingi linagawanya kikundi. Wazee husema ya zamani haina maringo, fundi yeyote huitengeneza chini ya mti. Vijana husema ya zamani ni vyuma vya kupimwa kwa kilo. Kura inapigwa, upande mmoja unashinda, na siku ya kwanza gari likikwama njiani ule upande ulioshindwa unacheka. Kabichi zinaoza barabarani na michango ya mwezi unaofuata haiji. Wale waliopitia semina za DELTA wanakumbuka kwamba kabla ya kupiga kura watu huulizana kwanza wanataka kutatua shida gani. Kwa hivyo leo tutaliangalia gari lenyewe kwa utulivu, halafu kila kikundi kitajiamulia.

Nimechagua Toyota Hiace kwa sababu ndiyo inayojulikana zaidi vijijini kwetu na spea zake ziko karibu kila mji. Mwenye kufikiria Nissan Caravan anaweza kulitumia somo hili pia, maana hoja nyingi ni zile zile.

TUJUE KWANZA NI GARI GANI

Hiace ambazo mtauziwa ni za vizazi viwili. Kizazi cha kwanza kilianza kuundwa Japan mwaka 1989 na kwa soko la huko kikaendelea mpaka 2004. Ndiyo ile ambayo watu wetu huiita Shark. Kizazi kilichofuata kilianza Agosti 2004, nacho ni cha umbo la sanduku, kioo cha mbele kikubwa, na mkono wa gea umepandishwa kwenye dashibodi. Mwaka 2019 kilitokea kizazi kingine chenye pua mbele ambapo injini haiko tena chini ya kiti. Lakini hata baada ya hapo Japan iliendelea kuunda lile sanduku kwa kazi ya mizigo, kwa hivyo Hiace za mtumba zinazoshuka Mombasa ni hizo hizo za sanduku.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo watu hudanganywa. Dalali atakutajia majina ya barabarani, "7L", "9L" na mengine. Jina la barabarani halikuambii injini iliyomo. Soma nambari ya chesisi kwenye kibati cha kampuni na katika logibuku. Inaanza kwa herufi, halafu tarakimu tatu. Tarakimu ya kwanza baada ya herufi ikiwa 1, kwa mfano LH113, LH172 ama RZH112, hiyo ni ya zamani. Ikiwa 2, kwa mfano KDH201 ama TRH200, hiyo ni ya sanduku. Ikiwa 3, ni ile yenye pua. Herufi nazo zinasema aina ya injini: LH ni dizeli ya kawaida isiyo na kompyuta nyingi, RZH na TRH ni petroli, KZH ni dizeli ya turbo ya zamani, KDH ni dizeli ya D-4D, na GDH ni dizeli ya karibuni zaidi. Mama asiyejua gari hata kidogo anaweza kujifunza hili kwa dakika tano, na dalali akiona anasoma kibati atapunguza maneno.

Nambari ya usajili pia inasema kitu. Herufi za KB zilianza mwaka 2007, za KC karibu na mwisho wa 2014, na za KD mwaka 2020. Lakini hiyo ni siku gari lilipoandikishwa Kenya, sio siku lilipoundwa. Sheria yetu hairuhusu gari la mtumba kuingia nchini likiwa limepita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Basi fanyeni hesabu. Shark ya mwisho kabisa ya Japan ni ya 2004, kwa hivyo baada ya 2012 hakuna nyingine iliyoweza kuingia. Kila Shark inayouzwa leo imekula mashimo ya Kenya zaidi ya miaka 10. Mtu akiwaambia "hii ni fresh kutoka Japan", mshukuruni mwende zenu.

INJINI

Shark nyingi za mizigo zina dizeli ya familia moja: 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8, na 5L ya lita 3. Hazina turbo. Dizeli inasukumwa na pampu ya chuma mpaka kwenye nozeli, na hakuna kompyuta ya kubembelezwa. Mlima zinapanda polepole, na ukipakia sana nyuma yako kunakuwa na msafara wa magari yakipiga honi. Uzuri wake ni kwamba fundi aliyejifunzia jua kali anaifungua na kuifunga kwa spana zake mwenyewe. Nozeli zinapimwa na kusafishwa mjini kwa gharama ambayo kikundi kinaweza kuimudu. Spea ziko, za kampuni na za kuiga, na hizo za kuiga ni nyingi sana. Kirinyaga Road mtauziwa zote mbili katika duka moja.

Shida yao kubwa ni joto. Injini iko chini ya viti, hewa haipiti vizuri, na radieta ya miaka zaidi ya 20 imejaa uchafu. Gari likichemka mara mbili tatu na dereva akaongeza maji ya mtoni na kuendelea, gasketi inaungua, na baadaye silinda hedi inapasuka. Ile ya turbo ya KZH ndiyo mbaya zaidi kwa kupasuka hedi. Ina nguvu na watu huipenda, lakini mimi singeshauri kikundi kuinunua leo.

Tuje kwa sanduku. Dizeli yake ya D-4D, yaani 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3, ina turbo, na dizeli inasukumwa kwa presha inayopita bar 1,000, kompyuta ikiamua kila nozeli ifunguke lini. Ndiyo maana inavuta vizuri na inakula kidogo. Lakini presha hiyo haitaki uchafu. Maji kidogo kwenye dizeli, ama mafuta ya taa yaliyochanganywa, yanaharibu pampu na nozeli, na nozeli hizo si za kusuguliwa na msasa. Zinapimwa kwa mashine, na nozeli mpya inabidi kompyuta iambiwe nambari yake. Kubadilisha zote nne kunaweza kumaliza akiba ya kikundi ya miezi mingi.

Kuna ugonjwa mmoja wa 1KD ambao kila mnunuzi aujue. Chini ya kila nozeli kuna washa ndogo ya kuziba. Ikichoka, moshi wa injini unapenya na kuingia kwenye oili, oili inakuwa nzito kama lami, na chujio la waya lililo ndani ya sampu linaziba. Oili haipandi tena. Taa ya oili inawaka, dereva anasema "ni waya tu", na baada ya kilomita chache injini imekwama kabisa. Kabla ya kununua, mlipeni fundi afungue sampu aangalie hilo chujio. Muuzaji akikataa lisifunguliwe, amekwisha kuwajibu.

Juu ya dizeli yenyewe, mambo yamekuwa bora kuliko zamani. Tangu Januari 2015 dizeli inayouzwa nchini inatakiwa kuwa na salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Na Septemba 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, hasa kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Hata hivyo dizeli ya jerikeni kando ya barabara sio ya kuwekwa kwenye D-4D, hata kama kituo kiko mbali. Shark itakohoa na kuendelea. Sanduku halitawasamehe.

Zile za dizeli za karibuni zaidi zina mambo mengine tena. Nyingine zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, ambalo halipendi safari fupi fupi za kusimama-simama. Na kuanzia mwisho wa 2017 dizeli ya Hiace ya Japan ni 1GD ya lita 2.8, ambayo inahitaji pia maji ya urea kwenye tangi lake. Urea ikiisha, ukizima gari halitawaka tena. Uliza kwanza kama mji wenu una duka linaloiuza.

Kumbe kuna njia ya tatu ambayo wanakikundi hawaipendi kwa sababu ya neno "petroli": TRH200, injini ya 1TR ya lita 2. Haina turbo, haina pampu ya presha kubwa, na badala ya belti ya taimingi ina cheni. (Za dizeli nilizotaja, L na KD, zina belti. Ibadilishwe kila kilomita 100,000 hivi ama mapema zaidi, kwa sababu ikikatika valvu zinagonga pistoni.) Petroli inakula zaidi, hilo ni kweli. Lakini kwa kikundi kinachotembea kilomita chache kwa siku, yale mafuta ya ziada kwa mwaka mzima yanaweza kuwa nafuu kuliko seti moja ya nozeli za D-4D.

MATATU ILIYOVULIWA VITI

Shark nyingi zinazouzwa kama gari la mizigo zilikuwa matatu. Si dhambi, lakini bei iwe ya matatu iliyostaafu. Inueni zulia muone sakafu: kuna matundu ya bolti za viti kwa safu? Kuna mahali dirisha limezibwa kwa bati na kuchomelewa? Kanuni za mwaka 2003, zile tunazoziita za Michuki, zilitaka kila matatu iwe na mstari wa manjano ubavuni. Fungua mlango wa kuteleza, tazama kingo za ndani ambapo rangi mpya haikufika, mara nyingi manjano bado ipo. Halafu soma logibuku: bodi imeandikwa nini? Kama logibuku inasema ni gari la abiria na nyinyi mmenunua la mizigo, askari wa barabarani atawafundisha somo hili mara ya pili, na la kulipia.

Kutu hupenda pembe za kioo cha mbele, chini ya mlango wa kuteleza, na pale maji yanapotuama juu ya paa. Kwa sanduku, lala chini uangalie chesisi, hasa zile zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Nyingi zilifanya kazi sehemu za Japan zenye theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, na chumvi hiyo inakula chuma kutoka chini huku rangi ya juu inang'aa.

HESABU YA MWAKA

Sasa tushike kalamu. Huu ni mfano tu, wekeni tarakimu zenu. Kikundi kinapeleka viazi na kabichi kutoka Kinangop hadi Nairobi mara 4 kwa wiki, kilomita 200 kwenda na kurudi, wiki 50 kwa mwaka. Hiyo ni kilomita 40,000. Servis ya kila kilomita 5,000 inakuwa mara 8 kwa mwaka. Belti ya taimingi inakuja kila miaka miwili na nusu. Gari likienda kilomita 8 kwa lita, mtanunua lita 5,000. Likienda kilomita 10 kwa lita, mtanunua lita 4,000. Tofauti ni lita 1,000 kwa mwaka. Bei za mafuta hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, chukueni ya mwezi huu mzidishe kwa 1,000. Hiyo ndiyo pesa ambayo gari linalokula kidogo linaweza kurudisha kila mwaka, na ndiyo ya kulinganisha na riba ya mkopo. Msiamini mtu anayewaambia gari linakula kiasi gani. Jaza tangi pomoni, tembea na mzigo, jaza tena, gawanya.

Halafu ongezeni mstari ambao vikundi vingi husahau: siku za kusimama. Gari likilala kwa fundi siku 20 kwa mwaka, ni safari ngapi zimepotea, na ni pikapu ngapi mmekodi kwa bei ya dharura? Shark husimama mara nyingi lakini kwa siku moja moja. Sanduku husimama mara chache, lakini likisimama linaweza kukaa wiki mbili likingoja kipuri na pesa. Kikundi chenye mfuko wa dharura kinaweza kuvumilia hilo. Kisicho nao, gari zuri litafunikwa turubai nyuma ya parokia.

Maoni yangu ni haya. Kikundi cha safari ndefu kama cha mfano wetu kisinunue Shark, hata ikiwa rahisi kiasi gani. Kitafute sanduku la D-4D lenye historia inayojulikana, na kabla ya gari kuanza kazi kiweke kando pesa za nozeli. Kikundi cha soko la karibu, kilomita 15 na mara mbili kwa wiki, hakina sababu ya kukopa. Shark ya 5L ya mmiliki mmoja mnayemfahamu itawatosha, ama TRH ya petroli kama akiba inafika. Kinachoniogopesha ni kikundi kidogo kukopa pesa nyingi kwa gari la kisasa kwa sababu kikundi cha parokia jirani kimenunua.

MZIGO, NA WATU JUU YA MZIGO

Kwenye mlango wa nyuma wa gari la mizigo la Japan huwa kuna maandishi yao na tarakimu. Maandishi hatuyajui, tarakimu tunazijua: nyingi husema 1000, nyingine 1250, nyingine chini ya hapo. Hizo ni kilo za mzigo, dereva na wenzake wakiwa wamehesabiwa kando. Msikwangue kibandiko hicho. Kilo 1,000 ni magunia 20 ya kilo 50. Sio magunia 20 ya mukorino, yale yaliyoongezwa kilemba juu hadi yakapita kilo 100. Ukiyapakia hayo umebeba mara mbili, na vizazi vyote viwili vina breki za ngoma nyuma na springi za majani zilizoundwa kwa tani moja. Kushuka milima ya Mai Mahiu hivyo ni kucheza na maisha. Hapa sanduku lina faida ya kweli: mengi yana mikoba ya hewa mbele na breki za ABS, na Shark nyingi hazina.

Lakini hakuna kizazi chochote kinachofaa kwa lile jambo tunaloliona kila siku saa tisa za usiku: akina mama sita wameketi juu ya magunia nyuma, mlango umefungwa kwa nje, wanaelekea Marikiti. Hakuna kiti, hakuna mkanda, hakuna dirisha la kutokea. Gari likipinduka magunia yanawaangukia. Na bima ya gari la mizigo ya kikundi imeandikwa kwa mizigo. Someni hati yenu muone kama kuna mahali panapomtaja mama aliyelipa nauli ya kuketi nyuma. Nimeketi na familia baada ya ajali ya namna hiyo, na hakukuwa na karatasi yoyote ya kuwashikia. Basi katika bei ya gari wekeni pia nauli ya matatu kwa wale wanaofuata mzigo wao. Kama hesabu haikubali nauli hiyo, hesabu bado haijakubali gari.

JINA KWENYE LOGIBUKU

Hili ni fupi. Gari liandikwe kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti wala la mtoto wake anayejua kompyuta. Kikundi kiwe na cheti chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 na kiwe na PIN yake ya kodi. Mwenyekiti akifariki na gari liko kwa jina lake, hilo ni gari la urithi, na wanakikundi watakuwa wageni kortini. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, tafuteni rekodi ya gari kwenye mtandao wa NTSA muone ni la nani na kama kuna benki inayolidai. Malipo yafanywe benki, na watu watatu watie sahihi.

Siku ya kwenda kuliona, fikeni asubuhi injini ikiwa baridi, na mwambieni muuzaji asiliwashe kabla hamjafika. Gusa injini kwa mkono. Fungua oili, tazama maji ya radieta kama yana mafuta. Liwashe usikilize: mgongo mkali wa chuma wakati wa baridi kwenye D-4D ni nozeli, na moshi mweupe usioisha kwenye Shark ni hedi ama gasketi. Mpira wa pedali uliolika mpaka chuma hauwezi kuwa wa gari la kilomita 60,000, hata kioo cha mileji kikisema hivyo. Nendeni na fundi wenu mwenyewe, mmemlipa nyinyi, asiyemjua dalali.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mwaka jana tulikodi gari mara ngapi, na tulilipa jumla ya pesa ngapi? Nani ana kitabu chenye hesabu hiyo?

2. Fundi wa karibu anayeweza kupima nozeli za D-4D kwa mashine yuko mji gani?

3. Gari likisimama wiki mbili mwezi wa mavuno, pesa za kulitengeneza zitatoka wapi?

4. Nani atakuwa dereva, atalipwa vipi, na nani ana mamlaka ya kumwambia "huo mzigo umezidi, shusha"?

5. Wanawake wanaofuata mboga zao sokoni watasafiri kwa njia gani? Waulizwe wao kwanza, wengine wasikilize.